Pipa la Wifi Tabu Kwenye Sinema

Ruhuwiko, Jumapili 11 Januari 1998

Mdogo wangu mpendwa Noela,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Sumbawanga? Mgongo unaendeleaje? Watoto wameshafungua shule? Na shemeji je, bado anakohoa? Sisi huku tupo, tunasukuma siku.

Pale stendi uliniambia nisikuletee tena barua ya nusu ukurasa yenye salamu tupu, nikuandikie maisha. Basi nimenunua daftari. Nitaandika kidogo kidogo, na nikiona limetosha nitalituma. Ukikuta siku zimerukwa, ujue nilichoka au hapakuwa na neno.

Neno la leo ni mvua. Redioni wanaiita Elinino. Tangu Krismasi hatujaona jua la kuanika hata khanga.

Kazi ni ileile ya mradi wa nafaka. Mahindi yanakuja kutoka vijijini, nayamwaga kwenye sinia, nachambua punje moja moja, zenye ukungu huku, nzima huku, naandika. Dokta Raphael, mkuu wa mradi, anapeleka unga wake maabara. Sasa majibu ya miaka miwili yametoka. Ule ukungu wa kijani na wa njano una sumu, nayo inakula ini polepole. Ukipika ugali imo. Ukichachusha, imo vilevile. Mimi nimeishia la saba, lakini hilo nimelielewa kuliko katekisimu. Kazi iliyobaki ni kuwaambia watu waelewe kabla ya mavuno, maana kwa mvua hii mavuno yatakuwa ya ukungu mtupu.

Jumatano 14 Januari

Dokta ametuita wote. Ametukumbusha vile vipeperushi vya mwaka jana. Bashiru, dereva wetu, yule Myao wa Tunduru niliyekusimulia, akanyoosha mkono.

"Dokta, Namtumbo nimewakuta wanasokotea tumbaku. Utafiti wetu unavutwa."

Tulicheka mpaka Dokta naye akacheka. Ndipo akatuambia wafadhili wamekubali itengenezwe katuni ya video, dakika saba, ya kuonyeshwa vijijini kwa jenereta. Mchoraji atatoka Dar es Salaam. Nikasema katuni si ni ya watoto? Akanijibu, "Mama Egidi, mtu mzima akicheka anakumbuka." Nimeona ni kweli.

Jumanne 20 Januari

Mchoraji amefika, amelala njiani siku mbili kwa tope. Anaitwa Muhsini, mtu wa pwani, mwembamba, adabu tele. Ameniamkia shikamoo kabla hajatua begi. Bashiru akamwambia, "Karibu Songea, kiatu chako kimoja umekiacha Njombe." Na kweli kilikuwa kimoja.

Alhamisi 22 Januari

Leo tumempeleka Muhsini Maposeni, aone jiko la kweli. Nikachagua kwa kaka yako Pankrasi, kwa kuwa wifi Tabu ni msafi na haogopi wageni. Unamjua wifi yako. Alipoambiwa anachorwa alikwenda kubadili khanga, akarudi na ile ya maua mekundu ya harusi ya Lidwina.

Yule kijana ana mkono, Noela! Anachora huku anazungumza. Alichora mafiga, dari la mahindi juu ya moto, ungo, kuku. Akatuambia ili ungo uinuke na kushuka mara moja tu, yeye na wenzake watatu wanachora picha kumi na nane, kila moja imesogea kama unywele. Pankrasi akamuuliza, "Na mimi nikinywa uji unachora ngapi?" "Inategemea kaka, una haraka?" Tulifurahi sana.

Halafu akauliza: "Mkishachambua, mabovu mnaweka wapi?"

Tabu akaweka ungo chini. Akanitazama mimi. Pale walikuwepo Dokta na daftari lake, na katekista aliyetusindikiza. Unajua Tabu anapika pombe ya komoni bila kibali, na unajua mabovu yanakwenda wapi katika nyumba zote za huku. Nami ni mwenyekiti wa WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, kila mwezi nasimama kusema pombe inabomoa nyumba, na nyumba yenyewe ni ya ndugu yangu. Niliona aibu. Nikajibu kwa kifupi, "Tunaweka kwenye pipa lile." Nikalionyesha, lile la bluu la kona. Sikusema uongo. Muhsini akalichora, pamoja na kifuniko chake.

Tukiwa njiani kurudi Bashiru alituimbia kaswida. Nilikuwa na furaha.

Jumanne 3 Februari

Mvua.

Jumatatu 9 Februari

Mvua. Choo cha jirani kimezama.

Jumatano ya Majivu, 25 Februari

Nimepakwa majivu. Kwaresima hii nimeahidi kutomsema Pankrasi mbele za watu.

Jumanne 17 Machi

Muhsini ametuma bahasha nene kwa basi, michoro ya sinema yote kama gazeti la picha, ili tuseme kama kuna kosa. Dokta amenipa mimi. "Wewe ndiye unajua majiko, Mama Egidi. Ukisema sawa, ni sawa."

Nimekaa nayo mchana kutwa. Nimeona khanga imefungwa kama ya watu wa pwani, nikaandika. Nimeona ungo unapepetwa kwa mkono mmoja, nikaandika. Pipa nililiona, rangi imekaa vizuri. Nikapita.

Naongeza hapa baadaye: sijui kwa nini nilipita. Nilikuwa najiona mtu mkubwa sana siku hiyo.

Pasaka, 12 Aprili

Kristo amefufuka. Kanisa lilivuja, tukaimba tumejikunyata upande mmoja. Mahindi ya Maposeni yameanguka shambani, punje zinaota zikiwa bado juu ya bua. Mbolea nayo hawakununua, tangu serikali iache kuichangia na ushirika ufe ni matajiri tu wanaoigusa. Kwa hiyo kidogo kilichopo ndicho hicho kinachooza.

Ijumaa 8 Mei

Kanda imefika. Tumeitazama ofisini kwenye televisheni ya Dokta, watu kumi na wawili, wengine wamesimama juu ya viti.

Noela, ni nzuri. Ningependa niseme ni mbaya, lakini ni nzuri mno. Mwanamke wa sinema ni Tabu mtupu, hata anavyoinamisha shingo akicheka. Punje zenye ukungu zina macho madogo ya hila. Kila mtu alicheka. Halafu ikafika pale. Mama anachambua, nzima zinaingia kwenye gunia, mbovu anazibeba kwa ungo, anazimwaga kwenye pipa la bluu. Anafunika. Anapiga kifuniko kwa kiganja, pa, pa, kama mtu aliyemaliza kazi vizuri. Mume anatabasamu. Wimbo unaingia: usile mahindi mabovu, chambua mama, chambua, weka pembeni. Mwisho.

Watu walipiga makofi nami nikapiga.

Nje nilimfuata Bashiru, nikamuuliza, "Baba, wewe ulipoona lile pipa ulielewa nini?"

"La takataka. Si wanakwenda kutupa?"

"Kwenu Tunduru kuna nyumba inapika komoni?"

"Wapo, lakini mimi sijawahi kuingia. Kwani?"

Nikamweleza kwamba huku pipa la mahindi mabovu ndilo pipa la pombe. Yanakaa humo mpaka siku ya kusaga. Unga unalowekwa, unachacha, unakaangwa, unatiwa kimea, watu wanakunywa. Kila mwanamke wa Songea atakayeona sinema hii ataona anaambiwa: mazuri kula, mabaya pikia pombe.

Bashiru alivua kofia yake. "La haula. Sasa mama, mbona hukusema?"

Ningemwambia niliona aibu, Noela?

Jumatatu 11 Mei

Nimekwenda kwa Dokta. Nimesimama kama mtoto wa shule.

"Dokta, pipa lile ni la pombe."

Alidhani natania. Nilipomweleza akaenda kabatini, akatoa madodoso yetu ya mwaka juzi. Swali la tisa: mahindi mabovu unayafanyaje? Akafunua karatasi baada ya karatasi. Natupa. Natupa. Nampa nguruwe. Natupa.

"Wanawake mia mbili na kumi na wawili, Mama Egidi. Hakuna hata mmoja aliyesema anapikia pombe. Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu, Dokta."

"Uliandika walichosema?"

"Niliandika walichosema. Walikuwa wanaogopa, kibali hawana. Na mimi nilijua wanaogopa."

Akakaa. Ni mtu mzuri, Dokta Raphael, sitaki umfikirie vibaya. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akasema taratibu, "Nikiandika leo kwamba swali la tisa si kweli, wataniuliza la nane. Wataniuliza la kumi. Miaka miwili itakwenda na maji."

"Basi tusiionyeshe."

"Ratiba imeshapelekwa wilayani. Wafadhili wanakuja Julai kuona watu wakitazama." Halafu akasema, "Mpigie Muhsini. Muulize kama anaweza kulifuta pipa."

Alhamisi 14 Mei

Nilipanga foleni ya simu posta tangu asubuhi. Muhsini alinipokea kwa furaha, "Shikamoo mama yangu! Wameipenda?"

Nikamweleza.

"Mama, kwetu pipa ni la maji au la taka. Nilijua mnakwenda kumwaga. Wallahi ningejua ningechora shimo, shimo ni rahisi kuliko pipa."

"Sasa huwezi kuchora shimo?"

"Pale pana picha karibu mia tatu, na wimbo umelala juu yake. Nikikata, wimbo unakatika katikati ya neno. Kuchora upya, wenzangu wameshatawanyika na mashine ilikuwa ya kuazima. Mimi mwenyewe sasa hivi nachora mswaki wenye miguu." Akashusha sauti. "Mama, siku ile nilikuuliza."

"Uliniuliza, baba."

"Nilikuuliza mbele ya watu. Labda ningekuuliza pembeni."

Yeye ndiye aliyekuwa ananiombea msamaha. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Jumapili 24 Mei

Maposeni. Tumeonyesha baada ya misa, katika darasa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Jenereta lilikuwa nyuma ya ukuta. Dokta amenipa ruhusa ya kusema maneno baada ya sinema, ila nisiseme kwamba sinema ina kosa.

Tabu alikaa mbele kabisa na khanga yake ileile. Ilipotokea kwenye kioo darasa lilipasuka. "Tabu! Ni wewe! Tabu umekwenda Ulaya!" Wanawake walimpigia vigelegele. Yeye alikuwa analia na kucheka, anawaonyesha watu, "Na ungo wangu! Na pipa langu lile!"

Ilipokwisha nikasimama. Nikasema, "Ndugu zangu, yale mabovu msiyaweke kwenye pipa. Yatupeni shimoni, muyafukie. Sumu haitoki hata yakichacha."

Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Mama, sisi hatuli mabovu. Tunakunywa."

Wakaangua kicheko. Nikapaza sauti, "Hata kunywa! Hasa kunywa!"

Na hapo ndugu yetu Pankrasi akasimama kwenye dawati, mikono kiunoni, unavyomjua. "Jamani mnamwona dada yangu? Miaka ishirini ananikataza pombe kanisani. Ikashindikana. Sasa amekwenda kuniletea Serikali na televisheni!"

Noela, walicheka mpaka wengine wakashika kuta. Na mimi nilijua pale pale kwamba nimekwisha. Miaka ishirini nimeitumia sauti yangu yote kumsema yeye na komoni, kila Pasaka, kila msiba, kila harusi. Leo nilipokuwa na neno la kweli, sauti ilikuwa ileile.

"Rudia! Rudia!" walipiga kelele. Bashiru alinitazama, mkono kwenye mashine, anasubiri niseme. Katekista akasema rudia. Ikarudiwa mara tatu. Mara tatu anafunika, pa, pa.

Jumatatu 25 Mei

Nimeamka na homa. Sikwenda kazini.

Jumapili 14 Juni

Mavuno, kama unaweza kuyaita mavuno. Nimekwenda Maposeni kuchukua sampuli. Kila jiko nililoingia lina pipa. Wasiokuwa nalo wametafuta. Yamefutwa, yamefunikwa, mengine yamewekewa jiwe juu.

Bashiru ndiye aliyeniambia jambo ambalo mimi karani wa sampuli sikuliona. "Mama, zamani walikuwa wanachanganya, si ndiyo? Kidogo kibovu, kidogo kizima, kingine kuku amekula. Sasa wamejua kuchambua. Kibovu kimekaa peke yake." Kisha akawasha gari.

Nilikwenda kwa Pankrasi, nikamkuta anapasua kuni. Nikapiga magoti, Noela, mimi dada yake mkubwa. Nikamwambia usinywe hii ya mwaka huu. Ya mwaka huu tu. Mwakani sitakusema tena, kunywa mpaka uzeeke. Akaninyanyua kwa mkono, akapangusa vumbi kwenye gauni langu. "Dada, nilidhani Kwaresima imekwisha." Akaniletea kuku wa kuondokea.

Tabu yeye nilimwambia jikoni. Akanijibu kwa upole, "Wifi, mbona katika sinema nimeweka?"

Jumanne 16 Juni

Dokta ameomba wafadhili kanda ya pili. Wamejibu fungu la video limefungwa.

Jumatatu 29 Juni

Tumeonyesha Namtumbo. Nilisema maneno yangu. Mwanamke mmoja akaniuliza, kama sinema haisemi hivyo, mimi nimeyatoa wapi?

Jumapili 5 Julai

Pankrasi hakuja misani. Tabu anasema tumbo.

Jumamosi 11 Julai

Macho yake ni ya njano kama yai la kienyeji. Miguu imevimba, tumbo limekuwa gumu. Amelazwa hospitali ya misheni. Kuna wengine wawili wa Maposeni wodi ileile, wote wanaume, wote wanywaji wa kilabu cha Tabu. Daktari ameuliza anakula nini. Tabu akajibu kwa kujiamini, "Chakula kizuri, Daktari. Tangu ile sinema sijampa hata punje moja mbovu. Nachambua kwa mikono yangu hii." Akainyoosha mikono aione.

Mimi nilitoka nje, nikamfuata daktari ukumbini, nikamwambia habari ya pipa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema anafikiri nasema kweli, lakini kipimo cha kuthibitisha hana, na hata angekuwa nacho, dawa haipo.

Nimekaa na Pankrasi alasiri. Akili yake ilikuwa nzima. Aliniambia, "Dada, nisomee." Nikasoma zaburi. Akasema, "Si hiyo. Ile yenye kucheka." Hakuna zaburi yenye kucheka Noela, lakini nilitafuta.

Jumamosi 18 Julai

Kaka yako amefariki leo, saa nne asubuhi. Raha ya milele umpe, ee Bwana.

Jumatatu 20 Julai

Tumemzika. Simu yako tumeipata, usijilaumu, tunajua daraja limekatika na basi halipiti. Watu walikuwa wengi. Bashiru amechimba kaburi na Wakristo mpaka mwisho, kisha akakaa pembeni akasoma dua zake kwa kunong'ona. Katika wale wawili, mmoja naye alizikwa jana.

Ijumaa 24 Julai

Nimekwenda kuungama. Padre amesema nia yangu haikuwa mbaya, aibu ni udhaifu wa watu wengi, Mungu amenisamehe. Nikatubu, nikapokea. Nilipotoka kanisani nilikuta wanawake wawili wa Maposeni wanatafuta kimea sokoni.

Jumanne 28 Julai

Wafadhili wamekuja, wazungu wawili na bibi mmoja wa Dar. Dokta amesoma taarifa. Kabla ya video, wanawake watatu katika kumi walichambua mahindi. Baada ya video, wanane katika kumi. Wamepiga makofi. Yule bibi amesema hajawahi kuona mafanikio kama haya katika muda mfupi. Kanda mia mbili zitatengenezwa, ziende Iringa, Mbeya na Rukwa. Yaani kwenu, Noela. Utamwona wifi yako huko Sumbawanga anafunika pipa.

Katika taarifa kuna mstari mmoja mwishoni, Dokta ameuweka: "Matumizi mengine ya mahindi yaliyotengwa yanahitaji uchunguzi zaidi." Aliusoma haraka, kisha akanitazama. Sijui kama alitaka nimshukuru.

Baadaye alinikuta stoo. "Mama Egidi, wanane katika kumi ni kweli. Hatukudanganya."

"Ni kweli, Dokta. Wanachambua."

Jumapili 2 Agosti

Leo ninaandika ya mwisho, kesho daftari hili linaondoka na mtu wa Mbeya, ataliweka kwenye basi la kwenu.

Nilikwenda Maposeni baada ya misa kumwona Tabu. Nilimkuta nyuma ya nyumba amekunja mikono ya gauni, anateka mahindi kwenye pipa la bluu kwa bakuli, anayaweka kwenye gunia yaende mashineni. Nikamuuliza ya nini. Akasema arobaini ya mume wake ni Jumamosi tarehe ishirini na tisa. Ukoo wote unakuja, mpaka wa Mbinga. Pombe ya kumuaga lazima itoke katika nyumba yake, isiwe ya kununua, yeye ataipika mwenyewe, na ataipika nyingi.

Noela, nilikuwa nimeapa nisimwambie. Kumwambia pipa limemuua Pankrasi ni kumwambia mikono yake imemuua. Nilikuwa nimeamua nibebe mimi peke yangu mpaka kaburini. Lakini nilipoona yale mahindi, yameshikana kama mikate, ya kijani, nikafikiri ukoo wote umekaa uani wanapokezana kata.

Nikamwambia. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikamshika magoti, nikamwambia yote, kuanzia siku ile Muhsini alipouliza. Nikamwambia, "Kosa ni langu, wifi, si lako. Mimi nilinyamaza."

Hakulia. Aliondoa mikono yangu magotini pake. Kisha akasema, "Wifi, unanichukia toka lini?"

"Tabu!"

"Mume wangu ulimsema akiwa hai. Amekufa, unakuja kunisema mimi. Pombe, pombe, pombe. Mimi nimechambua. Nimekesha ninachambua. Nchi nzima inaniona ninachambua." Akasimama. "Ile sinema imetengenezwa na madaktari. Imetoka Dar es Salaam. Kama ni sumu, wangeniweka mimi mle ninaweka?"

Nikamwambia madaktari hawakujua. Akasema, "Na wewe ulijua?"

Nikasema ndiyo.

"Basi wewe ni zaidi ya madaktari," akasema, akachukua bakuli lake.

Nilijaribu kumnyang'anya. Tulivutana, wanawake wazima wawili, mahindi yakamwagika chini. Majirani wakaja. Wakaniondoa kwa heshima, wakanishika mkono mpaka njiani, mmoja akaniambia, "Nenda kapumzike Mama Egidi, msiba umekuchanganya." Nilipogeuka nilimwona Tabu amepiga magoti, anaziokota zile punje moja moja, anazirudisha kwenye gunia.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Amesema hawezi kuzuia pombe ya arobaini, watamfukuza. Nimekwenda kwa katekista. Amesema ataombea.

Sina mtu mwingine. Wewe ni mdogo wa mwisho wa Pankrasi, Tabu alikulea miaka miwili, na wewe hujawahi kumsema mtu pombe maishani mwako. Mwandikie yeye, usiniandikie mimi, au kama daraja limepona njoo mwenyewe. Na kanda ikifika huko kwenu, usikae kimya kama nilivyokaa mimi. Sijui kama atakusikia. Nahesabu siku za posta, naona hazitoshi, lakini natuma hivyo hivyo.

Wasalimie watoto wote na shemeji.

Ni mimi dada yako Adela. Tafadhali nijibu upesi.